TV za rangi za zamani kwenye esteti seli: ya kioo cha duara, ya valvu yenye kioo cha mstatili au ya transista, uchukue ipi?

Watu wengi wanaoanza kupenda TV za rangi za zamani huku Marekani wanakwama sehemu moja. Mtu anaingia esteti seli, anashuka besimenti, anakuta kabati kubwa la mbao la miaka ya 60 limefanywa meza ya kuwekea TV mpya zaidi, na pembeni kuna kiSony kidogo cha miaka ya 70 kimejaa vumbi, gari lake linabeba kimoja tu na nyumbani mke au mume ameshasema nafasi ni ya kimoja tu. Achukue kipi?

Kwa ambao hamjazoea huu utaratibu, esteti seli ni mauzo ya vitu vya nyumba nzima, mwenye nyumba amefariki au amehamia kwenye makao ya wazee, familia inaita kampuni inabandika bei kila kitu kuanzia vijiko mpaka jokofu, afu milango inafunguliwa siku mbili tatu, mara nyingi mpaka Jumapili, na siku ya mwisho vitu vingi vinashuka mpaka nusu bei. Ohio, Indiana, Illinois, Pennsylvania, kote huko zipo karibu kila wikendi, na matangazo yake yako kwenye EstateSales.net pamoja na picha. Hizo picha ziangalie kwa makini manake TV yenyewe mara nyingi haitajwi kwenye tangazo, unaiona tu nyuma ya kochi au chini ya maua ya plastiki.

Mimi naona shida ni kwamba watu wanachagua kwa kuangalia kabati. Mbao zikiwa zinang'aa basi wameshalipia, miezi inapita TV iko gereji imefunguliwa mgongo, vipande viko kwenye maboksi, mwisho wake inaenda kutupwa. Hizi TV hamna anayezitengeneza tena, ikitupwa moja imepungua moja, kwahiyo ninachoomba ni kitu kimoja: chukua ile ambayo wewe, na ujuzi wako wa leo na nafasi yako ya leo, utaimaliza. Ndo maana nalinganisha makundi matatu hapa, TV za kioo cha duara za 1954 mpaka kama 1965, TV za kioo cha mstatili zenye valvu (zile taa ndogo za glasi zilizofanya kazi kabla ya transista) au mchanganyiko wa valvu na transista za kuanzia hapo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70, na TV za transista tupu zilizofuata.

Vigezo kwanza

Nitaangalia mambo yale yale kwa zote: kioo, spea, ugumu wa kazi, hatari, kubeba na bei, na picha utakayoipata mwisho wa siku.

Nianze na kioo kwasababu ndo kinaamua mambo yote. Naposema kioo namaanisha tyubu yenyewe ya picha, ile yenye chogo. Kapasita unanunua mpya, resista unanunua, valvu nyingi bado ziko kwenye maboksi yake tangu enzi hizo, mbao seremala anazirudisha, ila kioo cha rangi cha zamani kikifa kimekufa. Karakana ya Hawk-Eye pale Des Moines, Iowa, iliyokuwa inafufua vioo, ilishafungwa, na ya Ufaransa iliyokuwa inategemewa na watu wengi nayo ilishafungwa. Kwahiyo hata ukipenda kabati namna gani swali la kwanza ni kioo kikoje.

Pale pale kwenye nyumba ya watu huwezi kukipima kwa uhakika, ila kuna vitu vitatu unaweza kuvifanya na tochi ya simu. Cha kwanza, chungulia kwenye matundu ya ubao wa nyuma uangalie shingo ya kioo, ile sehemu nyembamba kule mwisho, kama imevunjika au ina ufa achana nayo, manake hizi TV zilisukumwa ukutani miaka na miaka na shingo ndo inayopokea pigo. Cha pili, waombe ufungue mgongo, kampuni nyingi zinakubali ukiuliza kwa adabu, afu mita yako ipime waya wa hita ya kioo, ikionyesha omu chache hita ni nzima, isipoonyesha kitu hamna haja ya kuendelea. Cha tatu ni kunusa na kuangalia flaibeki, ile transfoma ya voltiji kubwa iliyo ndani ya kijumba cha bati, kama nta imeyeyuka ikachuruzika chini na kuna harufu ya kuungua jua kwamba hiyo nayo hamna dukani.

Na jambo moja kubwa kuliko yote hayo: USIIPE UMEME. Yaani usiiwashe, na mwombe muuzaji asiiwashe. Wauzaji wanapenda kuchomeka ili wakuonyeshe kwamba "inafanya kazi", lakini TV iliyokaa miaka 30 kapasita zake zimeshakauka, ukiipa volti 120 ghafla kapasita inapiga shoti na flaibeki inaenda nayo. TV ambayo ilikuwa inapona inakufa mbele yako ndani ya dakika moja.

Sasa twende kwenye zenyewe.

TV za kioo cha duara

Hizi ndo za mwanzo kabisa. Mfumo wa rangi wa NTSC uliidhinishwa Marekani Desemba 1953, na 1954 RCA wakatoa CT-100, kioo cha inchi 15, bei dola 1,000, pesa nyingi sana kwa wakati huo. Hiyo ukiikuta kwenye besimenti ya mtu ni bahati ya maisha, na kioo chake kinajulikana kwa kuingiza hewa kikiwa kimekaa tu. Utakazozikuta kweli ni zile za inchi 21 zilizofuata, na hasa chasisi (ile fremu ya chuma yenye saketi zote) za RCA za mwanzoni mwa miaka ya 60 kama CTC-11, CTC-15 na CTC-16, pamoja na Zenith ambao waliingia kwenye rangi baadaye kidogo. Hata TV zenye majina mengine, nyingi za wakati huo ndani yake zimefuata mchoro wa RCA, kwahiyo ukijua moja umejua nyingi.

Kioo: vingi vina ugonjwa ambao wapenzi wa TV hizi wanauita mtoto wa jicho. Mbele ya kioo kuna kioo kingine cha kinga kilichogandishwa kwa gundi, hiyo gundi ikizeeka inaanza kuoza kutoka pembeni kuja katikati, unaona mabaka meupe meupe kama ukungu umeingia ndani. Watu wengi wakiyaona hayo wanakimbia na bei inashuka. Usikimbie, hayo hayahusiani na uzima wa tyubu, yanatibika kwa kutenganisha vile vioo viwili taratibu kwa joto au kwa kukata gundi na waya mwembamba, ila ni kazi ya uvumilivu na ya miwani na glavu manake kioo kikipasuka kinaingia ndani kwa nguvu na vipande vinaruka. Angalizo lingine, vile vya inchi 21 vya 1955 hivi vina koni ya chuma badala ya glasi, na hiyo koni yenyewe inabeba voltiji yote ya kioo TV ikiwa imewashwa. Ukigusa sehemu ambayo unadhani ni bodi tu umegusa makumi ya maelfu ya volti.

Spea: kwa upande huu ni nafuu kuliko unavyodhani. Valvu za kawaida zipo. Inayosumbua ni ile ya pato la mlalo, inayosukuma miale kwenda kushoto na kulia, kama 6JE6, kwasababu miaka mingi wapenzi wa redio za mawasiliano walizinunua kwa ajili ya ampilifaya zao, zikaadimika na bei ikapanda. Kapasita za karatasi na nta badilisha zote bila kupima, weka za plastiki za kisasa zenye volti za kutosha, na zile za kopo za kuchuja umeme nazo badilisha. Za udongo zile bapa na za mika ziache kwanza.

Kazi: hapa ndo penyewe. Ndani ya shingo kuna bunduki tatu za kurusha miale ya elektroni zimekaa pembetatu, nyekundu, kijani na bluu, na picha zake tatu zinatakiwa ziangukie sehemu moja kila pembe ya kioo. Hiyo ndo inaitwa konvajensi. Nyuma ya TV au juu yake utakuta bodi ndogo yenye vitufe 12 vya kuzungusha, ukizungusha kimoja kinaharibu alichorekebisha mwenzake, unarudi, unazungusha, unasogea kuangalia, unarudi tena. Unahitaji kifaa cha kutoa mistari ya msalaba kwenye skrini, mistari myeupe, ukiona mstari umetengana una kivuli chekundu upande mmoja na bluu upande wa pili bado hujamaliza. Na kazi hii ifanyie pale pale ambapo TV itakaa, manake usumaku wa dunia unavuta miale, TV iliyorekebishwa ikiangalia kaskazini ukiigeuza mashariki rangi zinahama, uso wa mtu unakuwa na doa la kijani shavuni. Nyingi za zamani zaidi hazina koili ya ndani ya kuondoa usumaku, utahitaji ya mkononi unayoizungusha mbele ya kioo.

Nimekaa sana hapa kwasababu watu wanaposema hizi TV ni ngumu hawaelezi ugumu uko wapi. Umeme wake hauna siri, mchoro unasomeka, folda za Sams Photofact, vile vitabu vya michoro vya mafundi, zinaonyesha kila pini na volti yake. Ugumu ni muda na macho.

Hatari: voltiji ya kioo inafika kama 24,000 hadi 25,000. Kioo kinahifadhi chaji hata TV ikiwa imezimwa na kuchomolewa, kwahiyo ncha moja ya waya inafungwa kwenye chasisi na ncha ya pili kwenye bisibisi yenye mpini mzuri, unaingiza chini ya ule mpira wa pembeni ya kioo, unatoa chaji, unasubiri, unatoa tena, manake inajirudisha kidogo. Afadhali ni kwamba nyingi za kundi hili zina transfoma ya umeme, kwahiyo chasisi haijaungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Kubeba na bei: nzito. Kabati la sakafuni ni watu wawili wenye nguvu, toroli na mikanda, na ngazi za besimenti zipime kwanza. Usiilaze kwa mgongo kwenye gari, shingo ya kioo iko huko. Bei siwezi kukutajia moja, nimeona inaachwa bure ili mtu aiondoe na nimeona inagombaniwa saa ya kwanza kwasababu kuna mkusanyaji kawahi kuiona kwenye picha.

Picha: ikikaa sawa hamna inayofanana nayo. Kona ziko mviringo pembeni, rangi ni za joto, nyekundu ya vioo vya zamani kabisa ni nzito. Chumba kiwe na giza kidogo tu kwasababu mwanga wake si mkali.

TV za mstatili zenye valvu, au mchanganyiko

Kuanzia katikati ya miaka ya 60 vioo vikawa mstatili, inchi 23 na 25, na hapo ndo rangi ikaingia kwenye nyumba za watu wa kawaida. Haya ndo makabati makubwa kabisa, mengine yana redio na kicheza santuri ndani yake, yanafanana na kabati la vyombo vya sherehe. Ndo pia utakayoyakuta kwa wingi kuliko yote.

Kioo: 1964 watafiti wa kampuni ya Sylvania walipata poda nyekundu ya yuropiamu, na vioo vikawa vyenye mwanga zaidi, afu 1969 Zenith wakaleta Chromacolor yenye weusi kuzunguka kila nukta ya rangi, picha ikawa kali hata mchana. Kwa maana hiyo kioo cha kundi hili kikiwa kizima kinapendeza sana. Shida ni kwamba hizi TV ziliangaliwa, yaani familia nzima kila jioni kwa miaka 15, kwahiyo vingi vimechoka: picha inachelewa kuja, ikija ni hafifu na nyeupe zake zinang'aa kama bati. Mtoto wa jicho nao upo kwa vile vya mwanzo.

Spea: valvu zipo, isipokuwa zile zile za pato la mlalo. Kwenye za mchanganyiko utakuta transista za zamani ambazo zina namba za kampuni yenyewe, ila nyingi zina mbadala. Motorola Quasar ya 1967 ilikuwa karibu yote transista na chasisi yake inavutwa mbele kama droo, wazo zuri kwa fundi wa wakati ule, leo uzuri wake ni kama zile bodi zake bado ziko kamili.

Kazi: konvajensi ni ile ile ya bunduki tatu za pembetatu, na kioo kikiwa kipana zaidi na kifupi zaidi kwa nyuma, kona zinakuwa ngumu kuliko kwenye duara. Kwenye umeme kuna tofauti kubwa kati ya kampuni na kampuni. Zenith waliendelea kuunga waya kwa mkono bila bodi ya kuchapwa, unaona kila kitu kinaanzia wapi kinaishia wapi, unatoa kapasita unaweka kapasita. RCA walitumia bodi, na moto wa valvu umezikausha kuzunguka soketi, risasi ya kuungia imepata nyufa ndogo ambazo huzioni bila lenzi, unapiga kofi TV picha inarudi, unaondoka inapotea. Kama uko kwenye kundi hili na unaweza kuchagua, mimi nachukua Zenith, na nasema hivyo nikijua wapo watakaobisha.

Hatari: 1967 General Electric walitangaza kwamba baadhi ya TV zao kubwa za rangi zinatoa eksirei kupita kiasi, na mwaka uliofuata Marekani wakapitisha sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya umeme. Eksirei inatoka kwenye valvu za voltiji kubwa, ndo maana kile kijumba cha bati usiwashe TV ukiwa umekiondoa, na usipandishe voltiji ya kioo juu ya ile iliyoandikwa kwenye mchoro eti picha iwe kali. Hii inahusu za duara pia.

Kubeba na bei: ndo nzito kuliko zote, yale yenye kicheza santuri ni kama kubeba jeneza. Bei mara nyingi iko chini kwasababu ziko nyingi na wanunuzi wengi wanataka kabati tu watoe matumbo yake waweke pombe ndani. Ukimuona mtu anapima upana kwa futi ujue ndo huyo, wahi.

Kuna tawi dogo hapa ambalo linasahaulika, GE Porta-Color iliyotoka 1966. Ni ya inchi 11, inabebeka, ni ya valvu, na bunduki zake zimepangwa mstari mmoja badala ya pembetatu kwahiyo konvajensi yake ni rahisi zaidi. Mtu anayetaka kujifunza valvu na anaishi ghorofa ya tatu hii ingemfaa kuliko kabati lolote.

TV za transista

Sony walileta Trinitron 1968, RCA wakaja na XL-100 mwanzoni mwa miaka ya 70, na taratibu valvu zikaondoka kabisa.

Kioo: 1972 RCA walileta kioo chenye bunduki za mstari ambacho kinajipanga chenyewe, na wengine wakafuata, kwahiyo konvajensi ya vitufe 12 ikaisha. Kwenye shingo utakuta pete za sumaku zimepakwa rangi ya kuzishikilia. Hizo pete ziache kama zilivyo, ziliwekwa kiwandani. Trinitron yenyewe ina nyaya nyembamba wima badala ya nukta, ndo maana ukiikaribia unaona kivuli cha mstari mwembamba umelala kwenye picha, huo si ubovu, ni waya unaozuia zile nyingine zisitetemeke. Vioo vya kundi hili vingi bado vina nguvu.

Spea: hapa mambo yanageuka. Kapasita na transista za kawaida hamna shida, lakini flaibeki za aina nyingine na IC (kipande kimoja chenye saketi nzima ndani) za kampuni fulani zikifa unatafuta TV nyingine ya kuchinja. XL-100 ina bodi ndogo za kuchomeka, na mara nyingi ubovu wote ni kutu kwenye meno ya hizo bodi, unachomoa, unasafisha, unachomeka, picha hiyo.

Kazi: nyepesi kuliko zote kwa kuanza. Anza na kupulizia vumbi, safisha kitufe cha kubadilishia chaneli na vitufe vya sauti, badilisha kapasita za kuchuja, rudia kuunga kwa risasi kwenye sehemu zinazopata moto. Ikigoma hapo ndo inahitaji mtu anayejua elektroniki kweli, kwasababu huwezi kung'oa transista moja moja kujaribu kama unavyofanya valvu.

Hatari: nyingi hazina transfoma ya umeme, chasisi nzima imeungwa na umeme wa ukutani. Ukigusa chasisi umegusa laini. Nunua transfoma ya kutenganisha kabla hujanunua TV.

Kubeba na bei: ndogo mtu mmoja anabeba. Bei mara nyingi ni karibu na bure kwasababu wengi wanaziona ni takataka tu, na kutupa TV ya kioo huku kunalipiwa sehemu nyingi kwa sababu ya risasi iliyomo kwenye glasi, kwahiyo familia inafurahi ukiichukua. Trinitron ndo zimeanza kutafutwa na watu wa gemu za zamani.

Picha: kali, imetulia, rangi sawasawa. Kwa kuangalia kila siku ndo hii.

Mambo ya saa ya kuangalia

Kwa zote tatu, antena peke yake haitakupa kitu. Stesheni kubwa za Marekani zilizima analogi tarehe 12 Juni 2009, kwahiyo utahitaji king'amuzi cha dijitali kinachotoa chaneli 3 au 4, au moduleta ndogo kutoka kwenye DVD. Nyuma ya TV kuna skrubu mbili za antena, utahitaji kigeuzi kidogo cha omu 75 kwenda omu 300. Ni vitu vya bei ndogo, usisahau tu kuvinunua mapema, inauma kumaliza TV afu ukabaki unaangalia chenga.

Kabla ya kuamua, ukiwa karibu na Columbus, Ohio, nenda Hilliard, kuna Early Television Museum, makumbusho ya TV za mwanzo, wana za duara zimekaa pamoja ukutani hadi ukutani. Ukiona kwa macho yako ndo utajua kama moyo wako uko huko kweli.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kushika chuma cha risasi na hujui chaji ya kioo inatolewaje, chukua ndogo ya transista, nunua na transfoma ya kutenganisha, anza na usafi. Kama unajua umeme kidogo na unataka valvu ila unaishi apatimenti, tafuta Porta-Color.

Kama una gereji, jioni za kutosha na subira ya kuzungusha kitufe kile kile mara nyingi, na kioo kimepita kwenye mita, chukua ya duara hata kama ina mtoto wa jicho. Usiogope mabaka, ogopa shingo.

Kama unataka fanicha ya sebuleni inayoonyesha picha na watoto waangalie katuni Jumamosi, kabati la mstatili la Zenith litakupendeza, mradi kioo hakijachoka. Kikiwa kimechoka, basi angalau nunua utoe valvu na flaibeki kwa ajili ya mwingine anayejenga ya kwake, na usikubali ziende jalalani na kabati likageuzwa baa.

Kama wazo lako ni kuisafirisha nyumbani, Dar, Mombasa au Unguja, fikiria vizuri. Hizi ni NTSC, mistari 525, volti 120 na hezi 60, na huko kwetu enzi za analogi ilikuwa PAL, mfumo mwingine wa rangi wa mistari 625, na umeme ni volti 230 hadi 240, utahitaji transfoma ya kushusha na DVD inayotoa NTSC, na valvu ikifa utaagiza kutoka huku huku. Wa Zanzibar wana hadithi yao wenyewe ya kutafuta, televisheni ya rangi ilianza kule mapema miaka ya 70, wakati bara stesheni ya kwanza ilisubiri mpaka 1994, kwahiyo mtu wa Unguja anayetaka TV ya rangi ya zamani aanze na nyumba za Mji Mkongwe na mafundi wazee wa huko kabla ya kulipia kontena.

Na kama umekuta nzuri ambayo wewe huiwezi, piga picha ya kibandiko cha nyuma chenye namba ya chasisi, piga na ya kioo, mwambie anayesimamia mauzo asiiwashe na asiruhusu itolewe matumbo, afu tafuta siku hiyo hiyo mkusanyaji wa karibu au wale wa Hilliard uwape anwani ya mauzo. Jumapili jioni kikibaki kitu nyumba inasafishwa na lori la taka linakuja Jumatatu asubuhi.